Ushauri wa "fomati tu mkuu" umeniangushia ndege nje ya Funchal

Wakuu, leo sina salamu. Nimekuja kutoa povu, atakayeona refu apite.

Majuzi, kwenye simuleta, ile programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, nimetoka Frankfurt na A320 kwenda Funchal, kule kisiwa cha Madeira. Karibu masaa manne hewani, ya kweli, bila kuharakisha muda. Wanaorusha simuleta wanaijua ranwei 05 ya pale: huiendei moja kwa moja. Unaelekeza pua mlimani kama mwenye ugomvi nao, otopailoti umezima, halafu dakika ya mwisho unalaza ndege kulia na ranwei inajitokeza mbele yako, ile ambayo tangu 2000 sehemu yake inakaa juu ya nguzo pembeni mwa bahari. Ni kwa ajili ya dakika mbili zile mtu anakaa masaa manne akitazama mawingu.

Magurudumu chini, flapsi tayari. Nipo VATSIM, mtandao wa kurusha simuleta pamoja na wenzako, na mwongozaji ndege, mtu na kazi zake anayejitolea usiku wake bure, ameshanipa ruhusa ya kutua. Naanza kulaza. Skrini ikapepesa mara moja, nikajikuta naangalia ikoni ya pipa la taka. Hakuna ujumbe, hakuna samahani. Kwenye rada ya yule bwana nimeyeyuka nikiwa futi 700.

Nani kaiangusha? Siyo simuleta. Ni ushauri wa wataalamu wa kujibu haraka, na mimi mjinga nikaufuata.

Nilianza na tatizo dogo tu. Nikikaribia kiwanja kikubwa picha inakata: inakwenda, inashtuka, inakwenda, inashtuka, kila baada ya sekunde chache. Juu mawinguni shwari kabisa. Nikauliza hapa jukwaani. Kabla sijamaliza hata kutaja mashine yangu ina nini (prosesa ya kori 8, yaani vitengo vinane vya kufanya kazi, RAM GB 16, diski ya SSD), majibu yameshamwagika. "Fomati tu mkuu, futa yote upige Windows upya." "Ongeza RAM." "Hiyo GPU (kadi ya picha) imezeeka, achana nayo." "Zima pejifaili, inachosha SSD." Mwingine akanitumia programu ya kusafisha kompyuta na kuiongezea kasi. Hakuna hata mmoja, HATA MMOJA, aliyeniuliza prosesa ina joto kiasi gani.

Tuanze na huyo wa programu. Niliiwasha, ikapekua, ikaja na maandishi mekundu: makosa elfu moja na ushee kwenye rejista, lile daftari la mipangilio ya Windows. Nikatetemeka, nikabonyeza "rekebisha yote". Mabaki ya rejista hata ukiyafuta yote unaokoa kilobaiti kadhaa tu, na Windows haikai ikiyasoma moja moja kila unapofungua kitu. Kibaya zaidi, kwenye "faili zisizohitajika" ikafuta na kashe ya sheda, yale maelekezo ya kuchora picha ambayo kadi ya picha ilikuwa imejitengenezea ndege kwa ndege. Safari iliyofuata kila jengo jipya likitokea picha inasimama, kadi inaanza kupika upya kitu ilichokuwa imeshakipika. Halafu programu yenyewe ikajipachika pembeni ya saa, inawaka kila Windows ikiwaka, inakula kumbukumbu. Mgeni kaja kufagia, kahamia.

Kuna aliyeniambia niandike HIGHMEMFIX=1 kwenye faili la mipangilio. Hapo nilicheka kwanza, hasira ikaja baadaye. Mstari ule ni wa FSX, simuleta ya 2006, ya biti 32, ambayo isingeweza kushika zaidi ya GB 4 za kumbukumbu hata uijazie RAM mpaka dari. Yangu ni ya biti 64. Mstari huo haiujui na haiusomi. Miaka yote hii watu wanaupitishana kama ile meseji ya "tuma kwa watu kumi", hakuna aliyesimama akauliza unafanya nini.

Sasa pejifaili. Huyu ndiye muuaji, niacheni nikae naye.

Pejifaili ni ile sehemu ya diski ambayo Windows huiweka nyuma ya RAM. Watu wanadhani kazi yake inaanza RAM ikijaa. Siyo hivyo tu. Programu huomba kumbukumbu mapema, tena huomba nyingi kuliko inayotumia saa hiyo, na Windows haikubali ombi mpaka iwe na uhakika wa mahali pa kulitimizia: RAM jumlisha pejifaili. Ukiifuta pejifaili, kikomo kinabaki RAM peke yake. Kwa hiyo unaweza kuwa na RAM ambayo bado haijaguswa na programu ikanyimwa vilevile, kwa sababu imeshaahidiwa wengine. Mimi nilikuwa na simuleta, kivinjari chenye chati, na programu ya VATSIM. Tulipofika karibu na Funchal, mandhari ya kiwanja ikaanza kupakiwa, simuleta ikaomba tena, ikaambiwa hakuna. Ikafa.

Sibuni. Fungueni Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System, tukio namba 2004. Langu lina dakika ile ile ya ajali, linasema kumbukumbu pepe imepungua, na linaitaja simuleta kuwa ndiyo imeshika nyingi kuliko wote. Nikarudia makusudi, Task Manager pembeni, nikaangalia ile namba ya Committed, kumbukumbu iliyokwisha kuahidiwa, ikipanda: GB 13, 14, 15.6 kati ya 15.9. Pu! Pipa la taka tena. Nikairudisha pejifaili, nikamwachia Windows aipange mwenyewe, haijaanguka tangu hapo. Na hiyo hofu ya kuchosha SSD: diski za siku hizi huandikwa mamia ya terabaiti kabla ya kuzeeka. Utabadilisha kompyuta kabla hujazimaliza.

Na wewe wa "ongeza RAM" usianze kushangilia. Ningekuwa na GB 32 labda nisingeanguka, lakini picha ingeendelea kukata pale pale, maana lile tatizo la mwanzo lilikuwa bado lipo.

Hapo ndipo, kwa kukata tamaa, nikafomati. Ndiyo, nilifomati, mcheke tu. Kumbukumbu zangu za safari zimekwenda. Vitufe vya jostiki nilivyovipanga kimoja kimoja, vimekwenda. Siku mbili nzima za kudaunilodi. Nikawasha, nikaipeleka ndege kwenye kiwanja kikubwa, picha ikakata vilevile kabisa. Naam, vumbi haliondoki kwa kufomati.

Ndiyo, vumbi. Nililijua siku nilipochoka kuuliza nikaanza kupima. Niliweka programu ya kusoma joto kwenye skrini ya pili, ndege imeegeshwa kiwanjani, nikawa naangalia namba. Matumizi ya prosesa asilimia 28. Hapa ndipo wataalamu wetu husema "prosesa inapumzika, tatizo ni GPU". Angalia kori moja moja! Moja ilikuwa imejaa pomoni na nyingine zinapiga miayo. Simuleta hupeleka kazi zake nzito, mwendo wa ndege, vipimo vya chumba cha rubani, ndege za wengine, kwa foleni moja kubwa, na foleni hiyo inategemea kasi ya kori moja. Kori hiyo ikipunguza mwendo, zile saba haziwezi kumpokea mzigo.

Na ilikuwa inapunguza. Joto nyuzi 100, kasi inashuka kutoka GHz 4.4 hadi 2.9 prosesa ijiponye, inapoa kidogo, inapanda, inagonga 100, inashuka. Inakwenda, inashtuka. Ile ile!

Nikafungua ubavu wa kompyuta. Feni inazunguka vizuri, haipigi hata kelele, ndiyo maana miaka yote sikuishuku. Nikaifungua skrubu nne nikaitoa. Kati yake na mapezi ya kupozea kulikuwa na zulia. Nalibandua kwa kucha linatoka kipande kizima, la kijivu, upande wa chini limechora mistari ya yale mapezi kama alama za meno. Feni ilikuwa inapuliza zulia. Nikapiga brashi, nikapuliza, huku nimeshika mapanga ya feni kwa kidole maana ukiyaacha yakazungushwa na upepo wa nje unaharibu beringi. Pesti ya prosesa, ile ya kupitishia joto, imekauka kama chaki, nikafuta nikapaka mpya. Ndege ile ile, kiwanja kile kile: nyuzi 74, kasi imetulia.

Nikiwa humo humo nikaingia BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, nikakuta RAM iliyoandikwa 3200 inakwenda 2133 tangu siku ya kwanza, XMP, ule mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, haijawashwa. Hilo ni langu, simlaumu mtu.

Jostiki iliyokuwa inakata katikati ya safari ndefu, ambayo niliambiwa nitupe ninunue nyingine? Windows ilikuwa inazima umeme wa USB kubana matumizi. Tiki moja kwenye Device Manager. Moja!

Nimefunga picha kwenye fremu 30 kwa sekunde, na anayetamba na fremu 90 asinisumbue. Kwenye ndege ya abiria 30 zilizonyooka ni bora kuliko 60 zinazodondoka kwenda 20 pale pale unapoitafuta ranwei.

Jana usiku nimerudi Funchal. Nikalaza nimechelewa, ranwei ikabaki kulia kwangu inaniangalia, nikasukuma nguvu zote nikaenda kuzunguka upya. Mara ya pili nikagusa, kwa kishindo ambacho abiria wangeniandikia barua. Picha haikukata hata mara moja. Kishindo ni changu mwenyewe, msiniambie nifomati.