Familia Nkuhungu: kisanduku na daftari la Baba

Mama Baraka: Neema mwanangu, tangu Baba aumie kichwa kwenye ile ajali, anasahau sana. Kameza dawa saa 2 asubuhi, saa 3 anaidai tena. Nikimwambia "hukumbuki?" anafoka.

Neema: Shikamoo mama mdogo. Swali la "hukumbuki?" liacheni leo hii, na wajukuu wasimwulize "mimi nani?" Akibahatisha akakosea, kosa ndilo linaloganda. Sisi tukikosolewa tunakumbuka tumekosolewa. Kwake kule kukosolewa kumefutika, jibu baya limebaki. Mpeni jibu kwanza, ndipo mwulize.

Shangazi Rehema: Tafuteni kisanduku cha dawa cha siku 7, chenye vijumba vya asubuhi na jioni. Kijumba kikiwa kitupu, kashameza. Ujaze wewe wifi, kila Jumapili, na pakiti zilizobaki ufungie kabatini. Ile ya degedege msiikatishe bila daktari.

Baraka: Dada, kumpa jibu halafu kumwuliza si kumkaririsha tu?

Neema: Kinachofundisha ni kule kusubiri. Shika jambo moja tu. Mwambie: "Ukitaka kujua kama umemeza, unaangalia kisanduku." Mwulize papo hapo: "Utajuaje kama umemeza?" Ajibu, ainuke, akiguse. Kisha uliza tena baada ya sekunde 15, 30, dakika 1, 2, 4, 8. Katikati pigeni soga au mchambue mlenda. Akisita, usimwache ahangaike: mpe jibu, alirudie, halafu rudi kwenye muda wa mwisho alioweza. Kesho anza kwa kuuliza. Dakika 20 zinatosha, asubuhi, kabla hajachoka. Mikono hujifunza hata pale ambapo hakumbuki kafundishwa.

Mjomba Saidi: Na ile michezo ya kumbukumbu ya kwenye simu?

Neema: Shikamoo mjomba. Atakuwa hodari wa mchezo wenyewe, funguo ataendelea kupoteza. Bora daftari la mfukoni, jalada la rangi kali, kalamu imefungwa kwa uzi. Sehemu 3 tu: ya leo, waliokuja, namba za simu. Aandike mwenyewe. Wengi hukwama hapa: familia inamwandikia vizuri, naye hajui kama daftari lipo. Kwa hiyo kulifungua nako kufundishwe vilevile. Simu ilie saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni, na kwenye kioo yatokee maneno "FUNGUA DAFTARI". Mlio mtupu atauzima tu.

Shangazi Rehema: Kichwa kikizidi kuuma, akitapika, akisinzia kupita kawaida au akipata degedege, hospitali hapo hapo, hata usiku. Damu huweza kuvuja taratibu kichwani wiki kadhaa baada ya ajali. Msidhani ni usahaulifu umeongezeka.

Baraka: Daftari nimelipata Majengo, jekundu.

Mama Baraka: Tumeanza. Sekunde 30 kaweza, dakika 1 kasema "namwuliza Mama Baraka".

Neema: Mpe jibu, akiguse kisanduku, rudi sekunde 30. Na akija kwako kuuliza, usimjibu "umeshameza". Mwongoze mpaka kwenye kisanduku.