Fidla yangu imepoteza sauti: niitengeneze au ninunue ya umeme?

Mpiga fidla wa Ngamiani, Tanga:
Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mimi hupiga fidla katika kikundi kidogo cha taarabu hapa Tanga, na mara nyingi tunaalikwa kwenye harusi. Juma lililopita nilizivua nyuzi zote nne kwa pamoja ili niusafishe ubao wa vidole, kisha nikafunga nyuzi mpya. Tangu hapo sauti imefifia, kana kwamba fidla imefungwa ndani ya blanketi, na nikiipindua nasikia kitu kinabiringika tumboni mwake. Hata kabla ya hapo nilikuwa na shida nyingine: tukipiga uwanjani kwa maikrofoni, spika hupiga mluzi kila ninapozikaribia. Mwenzangu ananishauri niiache, ninunue fidla ya umeme. Hii ndiyo niliyojifunzia, nami naipenda mno. Je, ndiyo imekwisha?

Fundi wa vyombo, Bagamoyo:
Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Haijaisha, lakini nakuomba uzilegeze nyuzi leo hii, kabla kifuniko cha mbele hakijabonyea au kupasuka. Kinachobiringika ni kijiti cha mti laini, chenye unene unaokaribia ule wa penseli, ambacho husimama ndani ya fidla, nyuma kidogo ya ule mguu wa daraja (kile kibao kinachoziinua nyuzi) ulio upande wa uzi mwembamba. Waitalia hukiita «anima», yaani roho, na kwa hakika jina hilo kinalistahili. Hakigandishwi kwa gundi. Hushikiliwa na mbano tu, na sehemu kubwa ya mbano huo hutokana na nyuzi zinazolikandamiza daraja. Ulipozivua zote kwa mara moja, mbano ukapungua, nacho kikaanguka. Kijiti kikiwapo, mguu mmoja wa daraja hupata pa kuegemea na mwingine hupata nafasi ya kutikisika, huku mtikisiko ukifika hadi kwenye ubao wa mgongo. Kisipokuwapo, hutokea hiyo sauti iliyofifia unayoisikia.

Mpelekee mtu mwenye chuma chembamba kilichopindwa mfano wa herufi S, ambacho hupitishwa katika tundu la pembeni ya daraja. Kazi yenyewe si ya nguvu bali ya subira, kwa sababu kijiti kikisogea milimita moja tu sauti hubadilika. Asikubandikie kwa gundi hata akikuapia kwamba hakitaanguka tena. Na siku nyingine vua uzi mmoja, funga mpya, ndipo uende kwa unaofuata.

Ilinde pia na joto. Mbao za fidla huunganishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo hulainika kwa joto na unyevu. Ndiyo maana fundi huweza kuifungua fidla bila kuivunja, na ndiyo maana hewa ya pwani yetu huitesa. Niliwahi kuletewa moja iliyoachwa ndani ya gari juani, ubavu umebanduka kiasi cha kupitisha ukucha.

Fundi mitambo, Tanga:
Kuhusu mluzi: tumbo la fidla ni wazi, kwa hiyo sauti ya spika hulitikisa, mtikisiko ukaingia tena kwenye maikrofoni, ukarudi kwenye spika ukiwa mkubwa zaidi. Fidla ya umeme aghalabu haina tumbo wazi. Ina kinasa cha piezo kwenye daraja, ambacho hugeuza mtikisiko kuwa umeme, na hivyo hustahimili zaidi kelele za jukwaani. Lakini usikichomeke kinasa hicho moja kwa moja kwenye mixa, kwani sauti itatoka nyembamba na kali. Kinahitaji priampu, yaani kikuzaji cha awali cha sauti, yenye ukinzani mkubwa wa kuingizia, kama megaomu 1. Fidla nyingi za umeme huwa nayo ndani na hutumia betri ya volti 9. Kwa sasa simama nyuma ya spika, si mbele yake.

Mama wa Raskazone:
Mwanangu, mimi ninazo zote mbili. Ya umeme hunifaa usiku, nikafanya mazoezi kwa spika za masikioni bila kumwamsha mtu, na kwa kuwa nayo haina vizuizi kwenye ubao kama vya gitaa, kidole huteleza baina ya sauti na sauti kama taarabu inavyotaka. Hata hivyo yangu ni nzito begani, na ukubwa wa sauti huuamua amplifaya, hivyo mkono wa uta huzoea uvivu. Katika fidla ya kawaida huna budi kuitafuta sauti mwenyewe, kwa mwendo wa uta, kwa uzito wa mkono na kwa kulikaribia daraja. Usiiuze hiyo.

Mpiga fidla wa Ngamiani, Tanga:
Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Jana kijiti kimesimamishwa. Mara ya kwanza uzi mnene ulikuwa mzito na ule mwembamba unakwaruza; fundi akakisogeza kidogo sana, nikapiga tena, na nilipoweka kidevu niliusikia mtikisiko hadi kwenye taya, kama zamani. Ya umeme nitaiazima kwanza kwa harusi moja.