Rais wa Marekani anatoa wapi nguvu ambazo hazijaandikwa kwa katiba yao?

NyarNyalenda

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mtu anayeelewa serikali ya Marekani anifafanulie kitu, na tafadhali tusiingie kwa Trump mzuri Trump mbaya, mimi nataka kuelewa tu.

Nilikuwa mwelimishaji rika kwa kliniki moja huku Kisumu, miaka sita. Kazi yangu ni kukaa na akina mama wanaoanza dawa za UKIMWI, halafu kila Ijumaa nachukua kitabu cha waliokosa kliniki naandika majina yao, wikendi napiga simu, asiyeshika namfuata mpaka kwake ndani ya vichochoro vya Nyalenda, kukinyesha unabeba viatu mkononi. Tarehe 20 Januari 2025 Trump anaapishwa, siku hiyo hiyo anasaini agizo la kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Jumatatu iliyofuata tunafika kazini tunakuta kontena yetu imepigwa kufuli, mlinzi anasema amepigiwa simu asifungulie mtu. Kitabu changu kiko ndani na kina majina kumi na moja ya wiki hiyo, saba niliyajua kwa kichwa, manne sikuyakumbuka mpaka leo.

Sasa nimekaa nikasoma katiba yao kwa simu. Ile sehemu ya pili inayohusu rais ni fupi, chai haijapoa umemaliza. Nimeona yeye ni amiri jeshi mkuu, nimeona anaweza kusamehe wafungwa, nimeona mikataba lazima theluthi mbili ya maseneta wakubali. Haya mambo ya agizo la rais sijayaona popote. Kwa hivyo hiyo nguvu aliitoa wapi?

Mwalimu_Mumias

Pole sana dada yangu, na kwanza nikwambie hujasoma vibaya, hayo maneno hayamo. Mimi nafundisha historia na serikali, na hapa ndipo wanafunzi wangu huteleza kila mwaka kwa sababu wanadhani nguvu za rais ni ile orodha ya kwenye katiba basi.

Walioandika 1787 walikuwa wametoka kupigana na mfalme kwa hivyo hawakutaka kumpa rais mengi. Lakini waliacha sentensi mbili zimefunguka, moja inasema mamlaka ya utendaji yako kwa rais, nyingine inasema ahakikishe sheria zinatekelezwa kwa uaminifu. Basi marais wakaingilia hapo. Kama kazi yangu ni kutekeleza basi naweza kuwaagiza walio chini yangu watekeleze vipi, na tangu George Washington wamekuwa wakitoa maagizo, huyu akifanya anayemfuata anasema mbona yule alifanya, mpaka mazoea yakawa kama sheria. Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi hivyo, Januari 1863. Truman akaondoa ubaguzi wa rangi jeshini hivyo, Julai 1948, wakati Kongresi isingepitisha kitu kama hicho hata kwa dawa. Na kwa kalamu hiyo hiyo Franklin Roosevelt, Februari 1942, alifungua njia ya watu kama 120,000 wenye asili ya Japani kuondolewa makwao na kufungiwa kambini, wengi wao raia wa Marekani kabisa.

Lakini agizo ni upande mdogo, na ndio upande ulio dhaifu kwa sababu anayekuja kesho anafuta. Upande mkubwa ni kushawishi. Fikiria hapa kwetu, ile hendisheki ya Uhuru na Raila, Machi 9, 2018 pale Harambee House, hebu nionyeshe kifungu cha Katiba ya 2010 kinachosema rais atashikana mkono na mpinzani wake. Hakuna, lakini huko kwenu Kisumu joto lilishuka. Hiyo ndiyo nguvu ambayo haijaandikwa.

Kwa Marekani bingwa wa hiyo alikuwa Lyndon Johnson. Alikuwa amekaa Seneti miaka mingi, akawa kiongozi wa walio wengi, anajua kila seneta anataka nini na anaogopa nini. Jitu la futi sita na zaidi, akiongea na wewe anakuinamia mpaka unarudi nyuma, uso kwa uso, mkono mmoja begani kwako. 1964 mswada wa haki za kiraia ulipofika Seneti, maseneta wa kusini walishikilia zamu ya kuongea, wakaongea wiki baada ya wiki ili ufe, na kuwanyamazisha kulihitaji kura 67. Wa chama chake hawakutosha kwa hivyo ilibidi atafute kwa upande wa pili, kwa Everett Dirksen wa Illinois, na Johnson alihakikisha Dirksen anapewa sifa mbele ya taifa ili asikatae. Tarehe 10 Juni zikapatikana kura 71 kwa 29. Julai 2 akasaini. Hakuna agizo lolote hapo, ni simu na maneno na kumjua mtu, lakini hiyo sheria iko mpaka leo.

Section58_Nakuru

Mwalimu umeeleza vizuri sana, mimi niongeze hiyo ya kuongea na wananchi moja kwa moja kwa sababu naona ndiyo inanigusa. Theodore Roosevelt, yule wa kwanza, mwanzoni mwa karne ya ishirini, alisema Ikulu yao ni mimbari safi kabisa. Yaani rais akisimama hapo nchi nzima inasikiza, na mbunge hana hicho kitu.

Sasa yule wa pili, Franklin, aliapishwa Machi 1933 watu wanakimbia mabenki kutoa pesa wanaficha chini ya godoro. Akafunga mabenki yote nchi nzima, halafu Jumapili jioni tarehe 12 akaingia kwa redio akaongea pole pole kama mzee anayeongea na watu wa nyumba yake, akaeleza benki inafanyaje kazi, kwamba pesa yako haikai kwa kabati inakopeshwa, na kwamba zitakazofunguliwa ni zile zilizokaguliwa. Kesho yake zilianza kufunguliwa na watu wakapiga laini kurudisha pesa! Watu wale wale.

Niliona kitu kama hicho na macho yangu, sako yetu ndogo ya matatu hapa Nakuru, uvumi ulitoka kwamba mweka hazina ametoroka na pesa na asubuhi hiyo tuko nje ya ofisi watu kama mia mbili tunataka hisa zetu. Mwenyekiti akatoka na daftari lenyewe, akapanda kwa kiti cha plastiki, akaanza kusoma. Huyu amekopa hivi, amelipa hivi, kwa benki tuko na hivi. Alisoma karibu saa nzima jua linawaka. Hakutuamrisha chochote na kwa sheria za sako hangeweza kutuzuia, lakini ilipofika saa saba nusu yetu tulikuwa tumeshaenda kazini. Mama yangu hakutoa hata bob. Ndio nikaelewa kwamba mtu akiaminika maneno yake yanafanya kazi ambayo askari kumi hawawezi.

WuodKondele

Nakubali nusu nusu tu. Mnaongea kama hii nguvu haiishi na inaisha vibaya sana. Sisi huku ndio tunajua, 2008 Obama alipochukua kiti serikali ya Kenya ikatangaza likizo, Novemba 6, watu Kogelo wanacheza, kila mtu anasema sasa mtoto wetu ameshika dunia atafanya anachotaka. Siku yake ya tatu ofisini, Januari 22, 2009, akasaini agizo jela ya Guantanamo ifungwe ndani ya mwaka mmoja. Mei, Seneti ikakataa kutoa pesa za kuifunga, kura 90 kwa 6, na chama chake ndicho kilikuwa kimejaa humo. Jela iko mpaka leo. Kwa hivyo agizo bila pesa ni karatasi.

Na mahakama pia. Truman 1952 alichukua viwanda vya chuma kwa agizo, vita vya Korea vinaendelea na wafanyakazi wanataka kugoma, Mahakama ya Juu ikamwambia rudisha, sita kwa tatu. Nixon alikataa kutoa kanda zake za mazungumzo, akasema rais ana haki ya siri na washauri wake. Mahakama ikakubali hiyo haki ipo lakini ikasema haifuniki ushahidi wa kesi ya jinai, nane kwa sufuri, Julai 1974, na Agosti akajiuzulu. Hata hiyo hendisheki ya mwalimu ilizaa BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba yetu, na BBI korti iliizima.

Halafu sifa nayo ni mali ya kuoza. George W. Bush baada ya Septemba 2001 kura za maoni za Gallup zilimpa asilimia 90. Mwaka 2005, ametoka tu kushinda mara ya pili, akazunguka nchi nzima kuuza mpango wake wa kubadilisha pensheni za wazee, mimbari anayo, ndege anayo, na mswada haukufika hata kupigiwa kura. 2008 alikuwa amebaki na asilimia 25. Huwezi kushawishi na 25.

NyarNyalenda

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. WuodKondele umemtaja Bush na umenikumbusha kitu. Si ndiye alianzisha PEPFAR, ule mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI? Hiyo ndiyo ilikuwa inalipa kliniki yetu, hata marupurupu yangu. Nimetafuta nikapata ilikuwa hotuba ya Januari 2003 mbele ya Kongresi, akaomba dola bilioni 15 kwa miaka mitano, na Mei hiyo hiyo ikawa sheria. Kwa hivyo iliyonipa kazi ilianza na mtu kusimama kwa mimbari akashawishi wabunge ambao hawajawahi kuona Nyalenda. Na iliyoninyang'anya ni kalamu.

Lakini sasa sielewi zaidi. Kama ni sheria na pesa zilikuwa zimepitishwa, kalamu ilifungaje?

Mwalimu_Mumias

Dada hapo ndipo penyewe. Kushika mfuko ni kazi ya Kongresi, hiyo imeandikwa. Nixon aliwahi kukataa kutumia pesa zilizopitishwa na Kongresi ikatunga sheria mwaka 1974 kumzuia rais asikalie pesa hivi hivi. Ndio maana kesi zilikwenda mahakamani haraka, na Machi 5, 2025 Mahakama ya Juu, tano kwa nne, ilikataa kumwokoa Trump na agizo la jaji kuhusu malipo ya karibu dola bilioni 2 za kazi iliyokuwa imeshafanywa. Lakini kalamu ina mwendo na korti haina. Katikati ya hapo watu wameshafukuzwa na kontena imeshafungwa, na Julai 1 USAID yenyewe, shirika lao la misaada ya nje, ikafunga shughuli zake. Kutangulia kufika ni nguvu kubwa pia, hiyo nayo haijaandikwa.

Ila sikiza hii. Mwezi wa Juni Ikulu yao ilikuwa imepeleka Kongresi ombi la kufuta mabilioni, na ndani yake kulikuwa na dola milioni 400 za PEPFAR. Maseneta kadhaa wa chama chake mwenyewe wakakataa sehemu hiyo, wakasema ikibaki hawapigi kura. Ikatolewa. Kwa sababu safari hiyo alihitaji kura zao, hakuweza kusaini tu.

NyarNyalenda

Hiyo sikuwa nimeisikia. Hao maseneta nani aliwaongelesha, ni watu wa kwao au kuna barua zilitoka huku Afrika? Nauliza kwa sababu tuko akina mama ishirini na tatu tunakutana Alhamisi kwa kanisa, na watatu kati yao wanaandika Kizungu kizuri.

Section58_Nakuru

Wapiga kura wa kwao ndio hao maseneta wanawaogopa zaidi, makanisa ya huko hasa, yalisimama na PEPFAR tangu siku za Bush. Kama kanisa lenu lina ndugu zake kule Marekani andikieni hao kwanza, wao ndio wapelekee seneta wao. Na mwandike kama ulivyotuandikia hapa, kitabu na yale majina manne.

NyarNyalenda

Liko na ndugu, Ohio. Nitamuuliza pasta kesho asubuhi.