Bili ya umeme pauni 6,840, jumuiya ya hisani Uingereza: tulipe?

MshikaFedha
Asalaam aleikum wakubwa. Mie ndiye mshika fedha wa jumuiya yetu ndogo huku Leicester. Jumatano wazee wanakuja ukumbini kula wali bure, Jumamosi watoto wanasoma Kiswahili. Hakuna anayelipwa hata senti. Sasa kampuni ya umeme imetuangushia bili ya pauni 6,840 kwa mpigo, eti ni marekebisho ya tangu 2022, kumbe miaka yote walikuwa wanakisia tu. Jiko letu la gesi! Umeme ni taa, friji na birika. Wanatishia kutukatia, na mwenyekiti anataka tuchangishane tulipe yaishe. Mie moyo unakataa.

BintiPemba
Waaleikum salaam. Msilipe kwanza! Piga picha mita, hesabu na namba yake vyote vionekane, ulinganishe na bili. Ukumbi mmoja huku ulikuwa ukilipia mita ya duka la chini.
Halafu, nyie wafanyakazi hawafiki 10 na mapato ni madogo, kwa hiyo kanuni ya Ofgem, mdhibiti wa nishati huku, inawalinda: umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 nyuma, ambao hawakuwatoza, hawawezi kuudai leo. Ila kama walikuja kusoma mita mkawafungia mlango, hapo mmejikaanga.

MzeeWaMita
Tazama na mstari wa VAT. Hisani ikitumia umeme kwa shughuli zisizo za biashara hutozwa 5%, si 20%, na ushuru wa tabianchi (kwenye bili huandikwa Climate Change Levy) hailipi kabisa. Matumizi hayo yakifika 60% ya umeme wote, bili nzima inahesabiwa hivyo. Mkikodisha ukumbi kwa harusi, hiyo ni biashara, semeni kweli. Tena wastani ukiwa chini ya uniti 33 kwa siku, hata muuza duka hutozwa 5%. Waombeni fomu ya VAT mjaze, mdai na mlichozidishiwa nyuma, mwisho miaka 4.

MshikaFedha
Lahaula! Nimetazama, 20%, na ushuru wa tabianchi umo. Mita ni yetu, hilo sina la kusema. Nimemwambia mwenyekiti bakuli la mchango alirudishe kabatini. Wakikataa je?

BintiPemba
Lalamikeni kwa maandishi. Wiki 8 zikipita bila suluhu, au wakiwaandikia kwamba wamefika mwisho, nendeni Energy Ombudsman, msuluhishi wa malalamiko ya nishati, ni bure. Mkiukubali uamuzi wake, kampuni lazima iufuate. Lakini ile sehemu msiyobishia, ya miezi 12 kwa hesabu halisi ya mita, anzeni kuilipa, wasipate kisingizio cha kukata.