Kwenye mdoli wanaweza, leba wanaduwaa: video itasaidia?

Mkufunzi_Ukunga
Habari za kazi wadau. Nafundisha ukunga ngazi ya diploma, wanachuo wa mwaka wa pili. Kwenye mdoli wa mazoezi wanamsaidia mtoto kupumua bila shida: wanamkausha, wanamchua mgongo, na ambu (kile kipira cha kuminya kupeleka hewa kwenye mapafu) inaanza kazi ndani ya ile Dakika ya Dhahabu, yaani dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa. Wakifika leba, mtoto akizaliwa kimya, mambo yanageuka. Wiki iliyopita nilimwangalia mmoja: barakoa kaibana sawasawa, lakini kidevu cha mtoto kimeinamia kifuani, hewa haiingii, naye anaendelea kuminya tu. Muuguzi wa zamu akanyoosha kichwa kidogo, kifua kikapanda. Tuliporudi darasani, binti hakuweza kueleza ni nini kilibadilika. Hicho ndicho nataka wakione kwa macho yao. Tuna projekta moja na simu zetu. Nianzie wapi?

Mkunga_Manyara
Mwalimu, hilo lilishapimwa huku kwetu Manyara, Hospitali ya Haydom. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe (ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua) yaliinua umahiri kwenye mdoli, ila namna watoto wenyewe walivyohudumiwa leba haikubadilika. Kilichokuja kuleta tofauti ni mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Kwa hiyo usiwawekee filamu ya saa nzima, itakuwa semina nyingine. Mrekodi mwanachuo akiwa kwenye mdoli, dakika mbili tatu zinatosha. Simu ikae ubavuni, usawa wa meza, ionyeshe kidevu na kifua; ukirekodi kwa juu huwezi kujua kama kifua kimepanda. Itazameni pamoja papo hapo. Simamisha pale hewa ilipokosa njia, muulize anaona nini, halafu nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwetu walimu.

Sista_wa_Zamu
Naongezea la wodini. Rekodini leba ikiwa tupu, kwa ruhusa ya matroni: ambu inakaa wapi, barakoa ndogo ziko droo gani, taa ya joto inawashwaje. Wanachuo wengi wanaujua utaratibu wote, dakika inaishia kwenye kutafuta vifaa. Waione hiyo video kabla ya siku ya kwanza ya mafunzo kwa vitendo.

Ila mama akiwa kitandani, simu ibaki mfukoni. Mtu mwenye uchungu hawezi kukupa ridhaa ya kweli, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkitaka kuona mtoto halisi, Global Health Media Project wana video za huduma ya watoto wachanga, nyingine kwa Kiswahili, na kupakua ni bure. Ziwekeni kwenye flashi, msihangaike na bando.

Mkufunzi_Ukunga
Ahsanteni sana. Dada, hilo la droo sikuwa nalo kabisa; kesho namwona matroni. Swali la mwisho: hizi za kwenye mdoli nizipe alama? Naogopa wakiona kamera watatetemeka.

Mkunga_Manyara
Usizipe. Alama ziache kwenye OSCE, ule mtihani wa vitendo. Simu iwe ya mwanachuo mwenyewe, na akishatazama afute kama anataka. Muhimu arudie zoezi mara moja, kabla hajavua glavu.