Tumbo linanivuruga kila asubuhi ya kazi, vipimo vyote safi. Kuna mwenye hali hii?

Kijana wa Gomz:

Habari zenu wakuu. Naandika kwa aibu ila humu hatujuani kwahiyo acha niseme tu. Naishi Gongo la Mboto, kazini ni Posta kwenye ofisi ndogo ya wakala wa forodha, wale wa kutoa makontena bandarini, kwahiyo simu za wateja ni kuanzia alfajiri na kila mtu analia mzigo wake unakula gharama.

Sasa tumbo langu siku ya kazi nikiamka tu linaanza kuunguruma na kukata, naenda chooni, natoka najiona nimemaliza kumbe wapi, nikishavaa viatu linaita tena. Mara tatu mara nne kabla sijafungua geti. Nikipanda daladala ndo balaa lenyewe, gari ikinasa kwenye foleni pale Tazara watu wamejaa mpaka mlangoni basi jasho linanitoka, tumbo linakaza, nawaza nitashukia wapi tu. Vyoo vyote vya Nyerere Road navijua, sheli ipi ina choo kisafi, msikiti upi uko wazi muda wote, wapi unatoa mia tatu na wapi ni bure.

Ilianza mwaka juzi baada ya kuendesha vibaya sana wiki nzima. Tangu hapo nimetibiwa taifodi sijui mara ngapi, kila dispensari nikitoa damu wanasema imo, wengine wanasema amiba, Flagyl nimemeza mpaka mdomo una ladha ya chuma. Mwisho nikaenda hospitali kubwa moja (siitaji), choo, damu, ultrasaundi, vidonda vya tumbo, vyote safi. Daktari akasema punguza mawazo, akaita mgonjwa mwingine. Mama anasema ni ngiri, shemeji anasema kuna mtu ofisini ananichezea. Kinachonichanganya ni kwamba nikienda likizo kwetu Muheza tumbo linatulia kabisa, nakula mpaka maharage, ila Jumapili jioni nikishafikiria kesho kazini tayari linaanza.

Kama ni mawazo mbona maumivu ni ya kweli? Na mwenye hali hii anaishije nayo mjini hapa?

Mizizi Original:

Hiyo ni ngiri mkuu hakuna kingine. Nina dawa ya unga unachanganya na uji asubuhi na jioni, inang'oa mpaka mizizi, njoo inboksi.

Dada wa Tabata:

Pole sana kaka. Mimi ninayo hiyo, niliambiwa ni IBS, yaani utumbo hauna kidonda wala mdudu ila utendaji wake ndo umevurugika, unakuwa mwepesi kushtuka na kuuma. Na hakuna kipimo kinachoandika "IBS" kwenye karatasi, daktari anaijua kwa maelezo yako, tumbo linalouma kwa wastani hata siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, linaenda sambamba na kwenda choo, na choo chenyewe kinabadilika, mara laini mara kigumu mara safari nyingi. Kwahiyo vipimo kuwa safi haina maana huumwi.

Ila nataka niseme kitu kuhusu hizo sheli na misikiti yako maana na mimi nilikuwa hivyohivyo. Ile kuhesabu vyoo njiani inakupa amani leo lakini inaufundisha mwili kwamba daladala ni hatari. Unapanda ukiwa umeshajiandaa kwa vita, tumbo nalo linaitikia, ukishuka ukapata choo unasema unaona, bila choo ningeumbuka. Kesho hofu inakuwa kubwa zaidi. Mwanasaikolojia wangu alianzia hapo wala hakuanza na chakula. Tulianza na safari fupi siku ambayo sina haraka na gari tupu, nikae bila kushuka mpaka ile pressure ipande halafu niione yenyewe inashuka, na kweli inashuka, nilikuwa siamini. Kwa upande wako ungeanza Gongo la Mboto mpaka Banana Jumapili, ukizoea ndo unasogeza mpaka Tazara. Wakati huo pumzi, vuta polepole tumbo lijae halafu toa taratibu kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta. Konda atakushangaa mara moja tu.

Na kwa yule wa unga hapo juu, mtu anaendesha kila asubuhi unampa unga usiojulikana aweke kwenye uji? Jamani.

Boda Kipawa:

Mi nilitatua kirahisi wakuu, nikaacha daladala nikanunua pikipiki 😂 unasimama popote. Ila serious mkuu usifanye nilichokuwa nafanya, nashinda njaa mchana kutwa ili tumbo litulie halafu saa kumi napiga chipsi mayai na soda baridi kwa mpigo, usiku ni moto.

Mzee wa Zamu:

Kijana, mimi ni afisa tabibu, nimekaa OPD, kule kwa wagonjwa wa nje, miaka mingi. Nikujibu swali lako la mbona maumivu ni ya kweli. Ni ya kweli kwa sababu utumbo una mishipa yake ya fahamu mingi sana na inaongea na ubongo muda wote, pande zote mbili. Serotonini, ile kemikali ya mwili ambayo watu wanaisikia kwenye habari za akili, sehemu kubwa sana ya ile ya mwilini iko tumboni. Ukiwa na hofu homoni za stresi zinaharakisha utumbo mpana, na mishipa ya fahamu inakuza hata gesi ya kawaida ikawa maumivu. Kwako nadhani njia ilifunguliwa na ule ugonjwa wa kuendesha, maana kati ya watu kumi wanaopata maambukizi ya tumbo kama mmoja hivi anabaki na IBS hata mdudu akishaondoka. Utumbo unabaki kama mlinzi aliyewahi kuibiwa, kila kivuli anapiga filimbi. Aliyekwambia punguza mawazo hakukosea sana ila alikuacha nusu ya njia.

Kuhusu taifodi, kile kipimo cha damu cha haraka, Widal, kinaweza kusema imo kwa mtu aliyeugua zamani na sasa hana kitu. Watu wengi wanamezeshwa antibayotiki kwa karatasi hiyo, na antibayotiki zenyewe zinavuruga tumbo. Ukitaka uhakika ni kuotesha damu maabara waone kama mdudu anaota.

Sasa sikiliza vizuri. Ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, homa, damu imepungua, tumbo linakuamsha usingizini kwenda kuharisha, au dalili zimeanza ukiwa na miaka 50 na kuendelea, au kwenu kuna saratani ya utumbo, hapo usiseme ni stresi, rudi hospitali upimwe upya. Mama yako mueleze hivyo pia asije akakuzuia kwa sababu ya ngiri.

Dawa zipo. Loperamidi inazuia kuharisha ila maumivu haiyagusi sana, na usiinywe ukiwa na homa au damu. Ipo pia amitriptilini kwa dozi ndogo, miligramu 10 kuanzia. Ni dawa ya zamani ya sonona lakini kwa dozi hiyo kazi yake ni kutuliza mishipa ya tumbo. Uingereza waliifanyia utafiti kwa wagonjwa 463 wa IBS, matokeo yalitoka 2023, na ilisaidia kuliko vidonge visivyo na dawa. Uandikiwe na daktari, usiende kuiomba duka la dawa, ina mambo yake na moyo.

Kijana wa Gomz:

Aisee asanteni sana, Mzee shikamoo. Huo mfano wa mlinzi nimemsomea mama amecheka ila ngiri bado hajaiacha. Hakuna damu, uzito upo palepale, usiku nalala fofofo. Dada wa Tabata, chakula je? Mimi nahisi supu na chapati ya asubuhi inanimaliza lakini sina uhakika, na huko Muheza nakula vilevile tu.

Dada wa Tabata:

Huko Muheza hauna kontena bandarini kaka.

Ila chakula kinachangia. Kuna utaratibu wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne unaitwa FODMAP, unapunguza vyakula vinavyochacha tumboni kwa wiki chache halafu unarudisha kimoja kimoja uone mkorofi ni nani. Sio wa maisha, watu wanakosea hapo, wanabaki wanakula wali mweupe tu mpaka wanakonda. Wakorofi wakubwa kwa vyakula vyetu ni kitunguu maji na kitunguu saumu, ngano (hiyo chapati), maharage na dengu, maziwa, embe, tikiti. Ugali, wali, viazi, samaki, mayai, papai, chungwa kwa wengi havina neno. Mimi mkorofi wangu ni kitunguu, na Dar supu gani haina kitunguu. Nyumbani nakaanga vipande vya saumu kwenye mafuta halafu navitoa, harufu inabaki na kile kinacholeta gesi hakiyeyuki kwenye mafuta. Maharage loweka usiku, maji yake mwaga.

Na amka mapema kidogo unywe chai nyumbani. Chakula cha kwanza kinausukuma utumbo, bora ukusukume ukiwa kwako kuliko ukiwa Vingunguti.

Boda Kipawa:

Dada maziwa nayo?? Chai ya rangi tu jamani maisha gani haya

Dada wa Tabata:

Wewe jaribu kuyaacha wiki mbili, kama hakuna tofauti rudi kwenye maziwa yako kwa amani.

Kijana wa Gomz:

Sawa, Jumapili napanda mpaka Banana na kurudi, mtaniombea. Mzee swali la mwisho, hiyo amitriptilini haitanilaza kazini? Maana bosi akiniona nimesinzia na kontena limekwama ndo kabisa. Na huyo mwanasaikolojia nampata wapi, mimi nilidhani ni mpaka uwe umechanganyikiwa.

Mzee wa Zamu:

Marahaba. Inanywewa usiku kabla ya kulala, siku za mwanzo unaweza kuamka mzito na mdomo mkavu, kwa wengi inapungua. Ipe wiki kadhaa, usiihukumu siku ya tatu. Na inafunga choo kidogo, ambayo kwako ni faida. Mwanasaikolojia, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mkoa waulize kliniki ya afya ya akili ni siku gani. Kwenye foleni utakutana na walimu, wafanyabiashara, hata polisi, wengine wameletwa na tumbo kama wewe. Bima yako iulize kwanza inalipia nini kabla hujaenda.