Mdogo wangu ana leseni ya kujifunzia: anaweza kwenda kazini na gari peke yake alfajiri?

Mkazi_Segerea (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Naomba ushauri wa wanaoijua sheria ya barabarani, maana hapa nyumbani kila mtu ana jibu lake.

Mdogo wangu wa kike amemaliza mafunzo shule ya udereva na ana leseni ya kujifunzia ya TRA (Mamlaka ya Mapato). Mtihani wa trafiki bado. Gari ni Toyota IST, otomatiki, kadi ina jina langu, bima ni kubwa (inalipia hata gari langu). Sisi tunakaa Segerea, Dar es Salaam, kazini kwake ni Buguruni. Anataka awe anatoka saa 11 na nusu alfajiri, barabara ikiwa tupu na trafiki hawajatoka, apite Barakuda hadi Tabata Relini, aingie Barabara ya Mandela mpaka Buguruni. Jioni atarudi na mwenzake wa kazini mwenye leseni.

Je, asubuhi anaruhusiwa akiwa peke yake? Akisimamishwa inakuwaje? Na mimi mwenye gari naingia wapi?

GiaYaKwanza

Haruhusiwi, mkuu, iwe alfajiri au saa 8 mchana. Leseni ya kujifunzia ni daraja H, na inafanya kazi kwa masharti yake tu: ndani ya gari awepo dereva mwenye leseni hai ya daraja la gari hilo, akae kiti cha mbele pembeni yake, na gari liwe na alama ya L (ya mwanafunzi) mbele na nyuma. Akikosekana msimamizi, ile leseni haimkingi na kitu. Kwa macho ya sheria anaendesha bila leseni, hata kama anaendesha vizuri kuliko wewe.

Watu wengi wanachanganya karatasi tatu. Cheti cha shule kinasema amefundishwa. Cheti cha umahiri kinachotoka polisi kinasema amefaulu mtihani. Ruhusa ya kukaa mwenyewe kwenye usukani inatoka kwenye leseni yenyewe, nayo TRA wanaitoa baada ya hivyo vingine kukamilika. Mdogo wako yuko kwenye karatasi ya kwanza tu.

Angalia na tarehe. Leseni ya kujifunzia ni ya miezi 3 na inalipiwa shilingi 10,000. Ikiisha haijiongezi yenyewe, lazima alipie tena. Mtu anamaliza shule, anasubiri wiki baada ya wiki kupanga mtihani, kumbe karatasi ilishakufa. Hapo hata akiwa na msimamizi pembeni kosa liko palepale.

Na wewe mwenye gari umo. Kumkabidhi gari mtu asiye na leseni ni kosa la mwenye gari, halisubiri ajali. Ukimpa ufunguo huku unajua atakuwa peke yake, huwezi kujitetea kwamba hukuwepo.

Kimara_Temboni

Mnamtisha bure jamaa. Mji huu wangapi wanaendesha na lena, hiyo leseni ya kujifunzia? Akikamatwa anaandikiwa 30,000, analipa, maisha yanaendelea. Alfajiri hakuna hata trafiki.

Wakala_wa_Bima

Kimara, kwa heshima, hesabu yako imeishia kwenye faini. Faini ndiyo gharama ndogo kuliko zote hapa.

Mkazi, chukua mkataba wako wa bima, acha ile stika, tafuta kipengele kinachoeleza nani anaruhusiwa kuendesha gari. Karibu mikataba yote inataka dereva awe na leseni halali kwa gari hilo. Mwanafunzi asiye na msimamizi hayumo. Akigonga nguzo ya umeme pale mtaa wa Tabata Bima, unapeleka madai, kitu cha kwanza wanachokuomba ni nakala ya leseni ya aliyekuwa anaendesha pamoja na ripoti ya polisi. Wakiona daraja H na polisi wameandika alikuwa peke yake, madai ya gari lako yanaishia hapo. Umelipia bima kubwa mwaka mzima, na bampa, taa, rejeta na bodi unatengeneza mwenyewe.

Akimgonga mtu ni kubwa zaidi. Bima ya mtu wa tatu ipo kumlinda aliyeumizwa, na kampuni inaweza kulazimika kumlipa. Lakini ikishalipa inaweza kukugeukia wewe uliyevunja masharti ikudai fedha yake. Pale Mandela alfajiri kuna malori ya kontena yanatoka na kuingia bandarini, kuna bodaboda, kuna watu wa Buguruni sokoni wanavuka na mizigo gizani. Siyo barabara tupu hata kidogo. Gari dogo linapita vizuri, mtu anaibuka mbele ya lori lililosimama, na dereva mpya anachelewa kukanyaga breki kwa sababu macho yake yako kwenye kioo cha pembeni.

Na kesi ya kumuumiza au kumuua mtu haifungwi kwa namba ya malipo. Inakwenda mahakamani.

Kofia_Nyeupe

Naongeza upande wa ukaguzi, maana swali lako la pili halijajibiwa.

Trafiki akisimamisha gari anaomba leseni. Akiishika anatazama vitu vitatu haraka sana: jina na picha, daraja, tarehe ya kuisha. Akiona H anatazama kiti cha kushoto. Kiti kikiwa kitupu, maelezo ya "nimetoka shule sasa hivi" hayasaidii. Akikuta mtu pale ataomba na leseni ya huyo mtu, kwa hiyo msimamizi asiache leseni yake nyumbani. Kisha anazunguka kuangalia L.

Faini inaingizwa kwenye mfumo wa polisi kwa kimashine cha mkononi, inatoka namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu. Ni 30,000 kwa kila kosa, na makosa yanahesabika mojamoja. Kuendesha bila msimamizi ni kosa, kukosa L ni jingine, taa mbovu ni jingine. Usilete hesabu ya faini ya 10,000. Hiyo waliwekewa bodaboda na bajaji. Deni linakaa kwenye namba ya gari, unaweza kuliangalia tms.tpf.go.tz kwa namba ya gari au ya leseni. Mwenye gari aangalie mara kwa mara, maana anayeandikiwa barabarani wakati mwingine hasemi nyumbani, na ukichelewa kulipa deni linaongezeka.

Kwa kosa hili kuandikiwa hakumalizi shughuli. Askari hawezi kukuandikia kosa la kuendesha bila ruhusa halafu akakuambia endelea na safari. Gari litabaki pale mpaka aje mwenye leseni, au lipelekwe kituoni. Na kosa la aina hii anaweza pia kulipeleka mahakamani badala ya kuliandikia faini. Kwa mfanyakazi anayetakiwa kuripoti saa 1 asubuhi, siku imekwisha.

Akisimamishwa, hata akiwa na msimamizi, mfundisheni hivi: indiketa ya kushoto mapema, atoke kabisa kwenye lami kama kuna nafasi, asisimame juu ya zebra wala mdomoni mwa kituo cha daladala. Aweke gia ya P (ya kuegesha), avute breki ya mkono, ashushe kioo, asishuke mpaka aambiwe. Wanafunzi wengi wakiona mkono wa trafiki wanakanyaga breki palepale katikati ya njia, na daladala iliyo nyuma inawaingia. Aliyekusimamisha anataka utoke pembeni salama, hata ukimpita mita 20 hakuna ubaya.

Pesa taslimu usimpe mtu. Omba namba ya malipo, soma kosa lililoandikwa na namba ya gari kabla hujaondoka. Ukiona kosa si lako, eleza kwa adabu palepale, na kama halikubaliki nenda ukaonane na mkuu wake kituoni kabla ya kulipa.

Mkazi_Segerea

Asanteni sana. Nimeelewa, peke yake basi. Sasa nani anafaa kumsimamia? Mama ana leseni lakini iliisha mwaka jana. Binamu yetu anakaa hapa, ana leseni ya bodaboda. Mimi ninayo ya gari ila natoka nyumbani saa 3.

GiaYaKwanza

Mama hafai mpaka ahuishe. Leseni ni ya miaka 5, ada 70,000, na iliyoisha ni sawa na kutokuwa nayo. Binamu naye hapana, daraja A na ndugu zake ni pikipiki. Kwa IST yenu ya nyumbani anahitajika mtu mwenye leseni ya daraja B au D iliyo hai. Ama wewe utoke mapema, ama yule mwenzake wa kazini awe anampitia asubuhi pia.

Na msimamizi awe macho. Mtu aliyelala kiti cha kushoto, au aliyekunywa, ni sawa na mzigo.

Breki_na_Bush

Hapa ndipo panaposahaulika. Gari la shule lina breki ya pili upande wa mwalimu. IST yenu haina. Kwa hiyo msimamizi ajue atafanya nini mwanafunzi akiganda.

IST ina breki ya mkono katikati ya viti, unaifikia. Hilo ni jambo jema, kwani magari kadhaa ya Kijapani, hasa ya familia, breki ya kuegesha ni pedali ya mguuni upande wa dereva na msimamizi haifiki kabisa. Gari la namna hiyo lisitumike kufundishia barabarani.

Breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiivuta kwa nguvu gari likiwa spidi 40, nyuma inafunga na gari linazunguka, lami ikiwa na maji ndiyo kabisa. Bonyeza kitufe cha kwenye mpini kwa kidole gumba na usikiachie, vuta polepole mpaka uone gari linashika, ukitaka kulegeza unalegeza. Fanyeni kwanza kwenye uwanja, spidi 15, mara kadhaa, mpaka mkono ujue.

Hatari kubwa ya otomatiki ni mwanafunzi kukanyaga mafuta akidhani ni breki. Akishituka anazidi kukandamiza. Msimamizi asukume gia kutoka D (ya kwenda mbele) kwenda N (gia huru). Magari mengi yenye gia ya sakafuni yanakubali hilo bila kubonyeza kitufe. Injini itapiga kelele, iache ipige, gari limeshakosa nguvu ya kwenda. Kisha breki ya mkono taratibu. Kamwe msizime ufunguo gari likiwa kwenye mwendo: usukani unakuwa mzito na unaweza kufunga, na breki inapoteza msaada wa injini baada ya kukanyagwa mara mbili tatu.

Chanzo chake kiondoeni mapema. Kisigino cha mguu wa kulia kikae sakafuni usawa wa breki, kidole ndicho kigeuke kwenda kwenye mafuta. Akinyanyua mguu mzima kila mara, siku moja atatua pasipo pake. Mguu wa kushoto upumzike pembeni, usiguse kitu. Kiti asogeze mbele hadi goti libaki limekunjwa kidogo breki ikikanyagwa mpaka chini. Kapeti isiyo na ndoano itoeni, na chupa ya maji isikae miguuni kwa dereva. Ndala hapana.

Ongezeni kioo kidogo cha pili cha kubandika ili msimamizi aone nyuma bila kugeuza shingo. Na maneno myakubaliane: "punguza", "simama", "kaa hapo hapo". "Angalia!" haimwambii mtu afanye nini, inamtisha tu.

Mama_Wawili_Kinyerezi

Dada wa watu asianze na Mandela. Wiki za mwanzo mzungushe barabara za ndani za Kinyerezi na Segerea, Jumapili asubuhi. Akizoea kuingia barabara kubwa kutoka pembeni na kuzunguka kiplefti (mzunguko wa makutano) bila kuelekezwa (anayetoka kulia ndiye mwenye haki), ndipo mshuke Tabata Relini, kwanza mchana. Usiku na mvua viwe vya mwisho. Na njia za mabasi ya mwendokasi asiingie hata foleni ikiwa vipi.

Ile L msichapishe kwenye karatasi na kubandika kwa selotepu, mvua moja imeondoka. Ziko za plastiki. Isifunike namba ya gari wala taa, na isikae kwenye kioo cha mbele mahali panapomziba dereva asione. Ukiendesha wewe, itoe, ili wa nyuma wakiiona wajue kweli kuna mwanafunzi.

Kimara_Temboni

Hilo la bima sikulijua, nimelikubali. Mkazi, afadhali apande daladala hizo wiki chache.

Mkazi_Segerea

Nimewasoma wote. Ufunguo wa asubuhi simpi. Tumepanga nitoke naye Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku nyingine daladala. Mtihani tuuharakisheje?

Kofia_Nyeupe

Kama shule imesajiliwa, wao ndio wanapeleka majina ya wanafunzi kwa polisi, aende akaulize kundi lijalo ni lini. Abebe leseni ya kujifunzia ambayo haijaisha, cheti cha shule na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Ada ya mtihani ni 3,000. Kuna maswali ya alama na sheria, kisha gari. Wengi wanaangushwa na kurudi nyuma kuegesha, na kusahau kutazama kioo kabla ya kuondoka. Akifaulu, na cheti cha umahiri kikitoka, anakwenda TRA na TIN yake (namba ya mlipakodi) kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole na sahihi, analipa 70,000.

Mpaka leseni itoke, kiti cha kushoto bado kinahitaji mtu. Kwa hiyo siku ya mtihani wewe ndiye unayempeleka na kumrudisha, hata akifaulu.

Breki_na_Bush

Na kurudi nyuma mfanyie mazoezi kwa kutumia madumu mawili ya maji ya lita 20, yapangeni umbali wa gari moja na nusu. Aanze kwa kuachia breki tu bila kugusa mafuta. IST inatambaa yenyewe ikiwa gia ya R (ya kurudi nyuma), mwendo huo unamtosha.